Injini ya Mulonda Inagonga

Mjini Baraka, Jumanne jioni

Amekuja mwenyewe leo, Mulonda, yule aliyekataa kumpeleka marehemu mke wangu hospitali eti damu ingechafua viti vya pikapu yake. Ameifungia turbo ya kuiongezea nguvu, na sasa injini inagonga kila akipanda mlima.

"Mwalimu, we ulifundishaka mekanike. Iko na bugonjwa gani?"

Ninaujua. Esansi, petroli ya chupa anayonunua barabarani, imechanganywa na mafuta ya taa, tena cheche inawaka mapema mno. Angeweka esansi safi na kuichelewesha cheche kidogo, ingenyamaza; akizidi kukanyaga, itapasuka mlimani.

"Hiyo ni sauti ya nguvu, mutoto wangu. Ukanyage tu."

Akanishukuru kwa mikono miwili.

Alhamisi anapanda milima ya Fizi. Kifua kinanibana, siku zangu zimekwisha, lakini padri wa kuniungamisha nimemwomba aje Ijumaa.