Usimpe Ng'ombe Alizeti za Joshoni

Uholanzi, mwezi wa nane

Mama mpendwa,

Wekesa, ndugu yangu, najua wewe ndiye unamsomea Mama. Leo usianze na salamu. Kama ameshika ndoo anaenda kukamua, mwambie aiweke chini kwanza, ndipo uendelee.

Sasa nakusalimu, Mama. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanitesa, ingawa wenyeji wanasema ni kiangazi. Natumaini mguu wako umepata nafuu na mahindi ya hapo Ndalu yamebeba vizuri.

Barua yenu ilinifikia jana nikiwa kazini. Nilifurahi kusikia zile alizeti nilizokuambia upande kwenye josho la ng'ombe lililofungwa zimekupita urefu. Kisha nikafika pale unaposema, "Ulituambia zinavuta dawa kutoka kwa udongo, basi majani yake nampa ng'ombe, na kupe wamepungua." Mama yangu! Nilikaa chini kwa matope.

Si sote tuliiita dawa? Baba aliikoroga hapo joshoni kwa mikono mitupu miaka yote, kwa sababu ni dawa, na nani ataogopa dawa? Unakumbuka viganja vyake vile vigumu vyenye madoa, na alivyokonda kabla hatujamzika. Ile ni sumu, Mama. Ilimwagika ikabaki ardhini, ndiyo maana hata nyasi zilikataa kuota. Alizeti inainyonya na kuiweka kwenye majani na shina. Huku nafanya kazi kwenye uwanja uliokuwa wa kiwanda. Tunapanda miti ivute sumu ya udongo, ikikomaa tunaing'oa tukiwa na glavu, inapelekwa mbali. Hakuna anayethubutu kumlisha hata mbuzi majani yake.

Kwa hivyo nakuomba, ng'ombe asile tena. Mabua yake usiyatie jikoni hata kuni zikiisha, moshi wake ni mbaya. Wekesa ayakate, ayafunge kwa magunia, halafu aende Mabanga awaulize watu wa kilimo yawekwe wapi. Na maziwa yamwageni shimoni. Najua itakuuma, wewe ambaye hata makombo huyatupi. Mwaga tu, Mama.

Nilimpigia simu yule Mhindi wa duka la majembe na misumari pale Kitale. Ati atamwambia mtu wa kwetu wa kwanza atakayeingia. Laini ikakatika, sijui kama alinisikia nikisema "maziwa".

Nisalimie shangazi anayeuza ndizi soko la Tongaren, na kaka mkubwa na mke wake. Huyo mtoto tuliyeachiwa na dada, ambaye unasema anamaliza kikombe cha maziwa na kuomba kingine, mpe chai ya rangi. Akilia, mwache alie.

Barua hii itakaa njiani wiki kadhaa. Kila nikiamka huku, huko umeshakamua.

Mwanao,
Simiyu