Siku Meneja Alipoingia Utanini

Mpendwa mtani wangu, Mzaramo usiye na haya,

Nasikia umehamia Rufiji, kwenye kijiji cha ujamaa, na kwamba unalima pamba. Nimecheka peke yangu. Wewe ambaye ukiinama kuokota kijiko unaomba msaada. Mie bado nipo Temeke, kwenye tanuru letu lilelile la kiwanda cha sufuria. Mgongo umechoka, na Songea iko mbali kama zamani. Jioni nikinawa masizi nakukumbuka, na kila nikikukumbuka narudi kwenye jambo moja ambalo mpaka leo sijamaliza kulistaajabia.

Ni pale alipofariki baba yako mdogo, Mzee Kondo, msimamizi wetu wa tanuru. Kiwanda kizima tulipanda lori hadi Yombo. Meneja wetu, Bwana Holm, alikuja pia. Hakuwa na muda mrefu nchini; kampuni ya kwao Uswidi ndiyo iliyokuwa ikiendesha kiwanda kwa ubia na serikali. Alivaa suti nyeusi kwenye jua lile, akasimama kando na maua mkononi, hajui ayaweke wapi.

Na mie, Mngoni, nikafanya kazi ya mtani. Nikavaa koti la marehemu, nikachechemea kama yeye, nikakohoa kama yeye. Nikaziba mlango jeneza lisipite.

"Mchoyo huyu," nikasema, "kafa makusudi kabla ya zamu yake ya kununua kahawa. Hatoki mtu hapa mpaka nipewe kuku."

Ukadakia, "Mpeni taratibu. Wangoni wamezoea kupora, wakipewa wanashtuka."

Bibi Zena, mjane, ambaye hakuwa ameinua uso tangu asubuhi, akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha tukamzika mzee wetu vizuri.

Bwana Holm hakucheka. Kesho yake aliniita ofisini. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limenyooshwa. "Umemdhihaki marehemu mbele ya mke wake. Mtu kama wewe hawezi kufanya kazi hapa."

Nilitaka kueleza, sikujua nianzie wapi. Darasa la tatu halikunifundisha namna ya kumweleza Mzungu utani. Unajua nilichokiogopa. Siku zile mtu asiye na kazi mjini alikuwa anakamatwa na kurudishwa kwao, na kwetu mama alikuwa akinitegemea mimi tu.

Wewe hukubishana na meneja. Ulimwambia, "Twende ukamwulize aliyefiwa," akakubali, nami nikapanda nyuma ya gari. Bibi Zena alikuwa edani, akazungumza naye kutoka nyuma ya pazia. Mimi nilijibanza barazani, nikasikia yote.

"Baba, nani kakutuma uwakasirikie watani zangu?"

"Alimtukana mume wako, mama."

"Alimtukana, ndiyo. Nani mwingine angemtukana? Tangu mume wangu aanze kuumwa watu wananinong'oneza kama vile na mimi nimekufa. Yule ndiye aliyenirudisha." Kisha akamwuliza, "Kwenu mtu akifiwa mnamfanyia nini?"

"Tunamwacha peke yake," meneja akasema. "Ni heshima."

Kisha akaeleza kwamba baba yake alifariki kipindi cha masika, akapata simu ya maandishi palepale ofisini. Hakuwahi kwenda. Waliomzika ni watu wachache, na hakuna aliyepaza sauti.

"Sasa hapa ulimwambia nani?"

"Hakuna."

Mtani, ndipo nilipoelewa. Tuliukumbuka wote wakati ule wa masika, mlango wake ulivyokuwa umefungwa, na sisi tukisema Mzungu ana kiburi. Kumbe ndani mlikuwa na matanga ya mtu mmoja. Nikawaza juu ya nchi nzima ya watu wanaopendana kwa kuachana kimya, nikaona dunia ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Mlipotoka alikuuliza kwenye gari, "Nimwombe radhi vipi?"

Ukamjibu bila kucheka, "Usimwombe radhi. Mtukane."

Asubuhi iliyofuata nilipofika alikuwa amesimama mbele ya tanuru, watu wote wanatazama. Uso ulikuwa mwekundu kama nyanya.

"Wewe Mngoni," akasema, akitafuta maneno, "umechelewa. Ulipita kuiba kuku wa nani?"

Nilijua nikinyamaza ataaibika mbele ya watu wake, na nikikosea kujibu narudi barabarani. Wewe ukanipiga kiwiko cha mbavu.

"Nilipita maziko ya baba yako," nikasema. "Watu walikuwa wachache mno, ikabidi marehemu mwenyewe ashike upande mmoja wa jeneza."

Bwana Holm akainama, mikono magotini, tukadhani ameugua. Alikuwa anacheka. Halafu kicheko kikageuka, akawa analia kwa sauti, mtu mzima yule. Na ninyi Wazaramo, bila kuambiwa, mkaketi sakafuni kumzunguka kama mnavyoketi matangani. Kazi ikasimama. Yeye aliyekuwa akitazama saa mtu akienda chooni hakutazama saa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza kama nimefukuzwa. Naye kila palipotokea msiba alikuja kukaa jamvini, viatu ameviacha nje.

Nimezoea kuona chuma kigumu kikigeuka maji, sishangai tena. Lakini mtu yule bado ananishangaza, na wewe uliyejua dawa yake.

Ameshaondoka kurudi kwao. Tumeletewa meneja mwingine, wa nchi nyingine, hazungumzi na mtu. Vijana wanasema ana kiburi. Juma hili lote mlango wake umefungwa. Kesho kabla ya zamu nitapiga hodi, nimwulize kama wazazi wake ni wazima.

Wape pole wote waliopata bahati mbaya ya kuwa jirani zako.

Ni mimi mtani wako, tena bwana wako,
Mngoni