Nafasi Yangu ya Tarehe Ishirini na Saba

Kissimmee, Florida
Ijumaa, 21 Novemba

Kwako Dada Nadine,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba lile goti limekupa nafuu. Mimi sijambo, ukiacha mgongo na hasira, na vyote viwili nimeshavizoea. Usishangae kwamba haikuja kwa posta. Aliyekukabidhi ni Glenda, yule wa meza yetu ya Jumatano, na nimemwagiza akupe pia chupa ya chai baridi ya sukari, maana najua umeendesha gari kutoka Valdosta tangu alfajiri na koo limekauka. Kunywa, dada. Kaa. Soma taratibu, muda unao.

Hapa nyumbani hakuna jipya kubwa. Mchungwa wa nyuma umezaa kidogo mwaka huu. Jirani amenunua mbwa wa pili, naye ni mjinga kuliko wa kwanza. Akina mama wa kanisani walikuulizia, nikawaambia unaumwa goti, maana ndivyo ulivyoniambia mwenyewe Septemba yote.

Ninalotaka kukueleza ni habari ya treni. Unajua jinsi Delbert wangu alivyoipenda ile treni ya mvuke inayozungusha wageni kwenye bustani ya burudani, ile Bustani ya Kale. Aliiendesha miaka ishirini na miwili, na kila ilipotoka kituoni alivuta kamba ya kengele kwa namna yake: mara mbili ndefu, kimya kidogo, kisha moja fupi. Februari, kule hospitalini, aliniambia kwa sauti ya mtu anayenituma mkate dukani kwamba siku watakapoiondoa treni ile, katika safari ya mwisho kengele niipige mimi. Nikamwahidi. Katika ndoa ya miaka arobaini na mmoja hakuwahi kuniomba mengi, ukiacha ninyamaze wakati wa mpira.

Wakatangaza kwamba safari ya mwisho ni Jumamosi, tarehe 27 Septemba, saa sita mchana. Mwendeshaji wa sasa, Bwana Ocasio, ambaye Delbert ndiye aliyemfundisha kazi, alinipigia simu kunihakikishia kwamba kamba ya kengele siku hiyo ni ya jamaa wa Delbert na si ya mtu mwingine. Ilibaki mimi kuweka nafasi tu.

Na hapo ndipo penye kero, nawe unazijua sheria zao. Mtu wa tiketi ya siku moja anaingia atakavyo, hata kama hajui mashariki ni wapi. Sisi wa pasi ya mwaka, tunaojua hata choo kipi kina karatasi, ndio tunaowekewa masharti. Lazima uweke nafasi kwenye simu kwa bustani utakayoanzia. Mwenye pasi hauziwi tiketi ya siku moja. Kuhamia bustani ya pili hakuruhusiwi kabla ya saa nane mchana, tena uwe umeshaingia ile ya kwanza. Na ukiweka nafasi usitokee mara tatu, wanakufutia nafasi zako zote na kukufungia siku thelathini. Ukiuliza kwa nini, wanakuonyesha meno.

Niliweka nafasi yangu mwezi mzima kabla. Asubuhi ya tarehe 27 nilivaa koti la kazi la Delbert, nikatia glavu zake mfukoni, nikaenda mapema. Geti likawaka jekundu. Mama wa getini akajaribu tena, likawaka tena. Akaniambia kwa upole kwamba sina nafasi, kwamba ilifutwa jana yake, na kwamba siku imejaa, hakuna hata ya dawa. Nikamwambia sijafuta kitu. Akasema, “Mama, mimi nasoma kilichoandikwa hapa tu.” Akanishauri niingie Bustani Mpya ng’ambo ya maegesho, halafu saa nane nihamie hapa. Nikamwambia saa nane treni itakuwa chuma chakavu. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya masikio ya sungura akasema, “Bibi, tusogezee mstari basi, wengine tuna watoto.”

Nikasogea. Nikaenda kukaa kwenye lile benchi la kijani nje ya geti, karibu na mashine ya soda, koti la marehemu mwilini na jasho likinitoka. Saa sita nikaisikia kengele. Kituo kiko nyuma tu ya ukuta, sauti inafika pale vizuri kabisa. Iliyopigwa haikuwa ya Delbert. Ilipigwa ovyo, kama mtu anafukuza kuku shambani. Nililia pale benchini, Nadine, nikalia kwa sauti, na sikuona haya.

Niliporudi nyumbani nilianza kutafuta mbaya wangu. Unakumbuka kwamba Delbert, kwa wema wake, alituunganisha kwenye simu watu watatu: mimi, wewe na Glenda, ili mmoja akisahau kuweka nafasi mwenzake amwekee. Anayeweza kukuwekea nafasi anaweza na kuifuta. Wewe ulikuwa Valdosta, mguu juu ya mto. Basi ni nani mwingine? Na Glenda alishanichoma siku moja mezani, tukinywa kahawa, aliposema kuna wajane wanaojifanya treni ni ya baba yao.

Sikumgombeza. Niliendelea kumpelekea karanga za kuchemsha kila Jumatano na kumsifia nywele zake. Oktoba akaenda kwa mwanawe kwenye milima ya Tennessee, ambako simu haishiki. Nikamwekea nafasi Jumatatu, nikamwekea Jumanne, nikamwekea Jumatano. Hakutokea, angetokeaje? Aliporudi alikuwa ameshafungiwa siku thelathini, na siku ya nne baada ya kurudi ilikuwa sherehe yake ya kutimiza miaka sabini. Keki ilikuwa ndani ya Bustani ya Kale na mwenye keki yuko nje. Nilikula kipande kikubwa, cha pembeni, chenye maua ya sukari. Kilikuwa kitamu sana.

Jioni yake akaja kwangu. Nilidhani amekuja kugombana, nikajiweka tayari mlangoni. Kumbe alikuja kulia. Aliniambia hajui amemkosea nani. Akasema hata ile siku ya treni alinitafuta kituoni, akaniwekea nafasi kwenye mstari kwa mkoba wake, watu wakamtukana, mpaka alipoambiwa kwamba siji. Akatoa simu kunionyesha picha alizopiga, nione kweli mkoba uko chini. Mkoba niliuona. Halafu akasogeza picha inayofuata.

Kofia yako ya majani yenye utepe wa zambarau niliitambua kabla ya uso. Umesimama imara, Dada Nadine, kwa miguu yote miwili. Mkono wako wenye pete ya mama umeshika kamba ya kengele ya mume wangu, na mdomo umefunguka kwa kicheko.

Nilimwuliza Bwana Ocasio. Alishangaa kwamba sijui, kama Glenda alivyoshangaa. Alisema ulimwambia mimi naumwa, siwezi kutoka kitandani, na kwamba nimekutuma wewe kama ndugu wa karibu. Akakukabidhi kamba kwa heshima zote, akakupa na kikombe cha kumbukumbu. Siku ilikuwa imejaa, ukataka nafasi, ukaona yangu, ukaifuta ukaichukua. Labda ulijiambia nitahamia saa nane nikute bado treni inazunguka. Nimejaribu kukufikiria hivyo, wiki nne nzima. Lakini hilo la kuumwa kitandani hukulisema kwa bahati mbaya.

Nilimwomba Glenda msamaha. Nilimwokea pai ya ndimu, akaila yote peke yake mbele yangu bila kunikaribisha, akasema sasa tumelingana. Kisha akaniuliza, “Na yule wa Valdosta je?” Nikamwambia nitaona.

Ndipo wiki mbili zilizopita ukanipigia simu kwa furaha. Umesikia kwamba kengele ya Delbert itatundikwa kwenye kituo cha zamani Jumamosi hii tarehe 22, na kwamba kila mwenye pasi atakayeweka nafasi ataipiga kwa zamu, kuanzia saa sita. Ukasema umeshaweka yako, na kwamba unakuja na wanawake wanane wa kanisa lako waone unavyomheshimu shemeji yako. Nilikujibu kwamba ni wazo zuri. Nilikuuliza na goti, ukasema Mungu ni mwema, limepona ghafla.

Sasa nitakuambia lililobaki, maana wewe ni damu yangu na sipendi kukuficha. Jumatatu hii nilikuwekea nafasi. Jumanne nikakuwekea. Jumatano nikakuwekea. Onyo hutumwa kwa barua pepe, na ile yako alikufungulia Delbert. Neno lake la siri ulishalisahau zamani, ulinililia mwenyewe. Basi geti limewaka jekundu, najua. Mama wa getini amejaribu mara mbili, najua. Wenzako wanane wana tiketi za siku moja, wao sheria haiwahusu, wameingia na kukupungia mkono na kusema watapiga picha. Bustani Mpya nayo haikufai, kwa sababu aliyefungiwa hana pa kuanzia, na asiye na pa kuanzia hana pa kuhamia.

Glenda nimemwambia akuketishe kwenye benchi la kijani, karibu na mashine ya soda. Mimi niko ndani. Nimevaa koti na glavu, na Bwana Ocasio ameniweka wa kwanza kwenye mstari.

Wasalimie shemeji Roscoe na wajukuu, uwaambie bibi yao mdogo anawapenda, wao hawana kosa. Pasi yako itafunguka kabla ya Krismasi, na ukija nitakupikia, sitakufungia mlango. Lakini leo tulia hapo ulipo. Ikifika saa sita utasikia mbili ndefu, kimya kidogo, na moja fupi. Ndivyo inavyopigwa.

Ni mimi mdogo wako,
Ardith, mjane wa Delbert Pruitt