Duara Lisilo na Kitovu

Jumatatu, 9 Oktoba
Grafu ya duara, kidato cha nne. Bikari hakuna. Mkuu wa shule anasema zipo njiani. Zipo njiani tangu muhula uliopita! Wanafunzi wamechorea mfuniko wa kopo la rangi ya viatu. Duara zuri, kitovu halina. Kila mmoja akakisia pa kuwekea kipimapembe. Nyuzi themanini zikawa tisini. Kipande cha mwisho kikakosa mahali. Nimefuta ubao, nikatoka bila kuaga.

Jumatano, 11 Oktoba
Nimewafundisha kukunja. Inua karatasi kwenye mwanga, pande za duara zilaliane, kunja. Kisha kunja upande mwingine. Mikunjo inapokatana ndipo kitovu.

Mjukuu wangu, naye yumo darasa hili, alikipata wa kwanza. "Kumbe rahisi hivi! Bibi, mbona ulituficha?" Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia humu hana bibi, ana mwalimu.

Aljebra imemshinda kabisa. Alama za swali la duara ndizo tegemeo lake. Bila hisabati chuo cha uuguzi hakimpokei. Mama yake ameshamshonea sare. Haraka ya nini!

Ijumaa, 27 Oktoba
Matokeo ya mtihani wa majaribio. Swali la duara — sifuri, karibu darasa zima. Msimamizi amezikataa karatasi zilizokunjwa. Eti mkunjo ni ishara ya siri kwa msahihishaji.

Nilimwendea. "Mama, kanuni ni kanuni. Na mtihani wa taifa nasimamia mimi."

Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo.

Jumatatu, 30 Oktoba
Njia nyingine. Kona ya rula iguse duara, weka alama kingo zinapolikata, unganisha, rudia pengine. Mistari ikikatana, hapo ndipo. Walinitazama kama ninasemesha ukuta. "Mwalimu, ile ya kukunja ndiyo imetuingia." Mmoja alipata vitovu vitatu kwa duara moja!

Nyumbani mjukuu alijaribu mpaka akalia. "Bibi, mikono imeshazoea." Nikasema mikono hufundishika. Siamini.

Jumatatu, 6 Novemba
Hisabati leo. Walimu wa somo haturuhusiwi karibu. Naandika nimesimama ng'ambo ya uwanja, ukutani kwa stoo. Mjukuu yuko safu ya dirishani. Ameshachora duara. Ameweka kona ya rula — ameiondoa. Ameweka tena. Anafuta. Msimamizi amewapa mgongo.

Ameinua karatasi kwenye mwanga.

Nimekohoa. Uwanja wote huu, nani asikie? Msimamizi anageuka —