Pua Yangu na Mikono ya Mama Mkwe

Baraka, kando ya ziwa

Kwa yaya yangu Mwajuma, dada yangu mkubwa, huko Kasongo,

Nakusalimu wewe na wote waliolala nyumba moja nawe. Mmeamkaje? Kifua cha mama kimetulia, au bado anakohoa mvua ikinyesha? Hapa tu wazima kwa rehema ya Mungu. Watoto wanakula, baba yao anapanda na kushuka ziwani na ndagala zake, vidagaa vya huku kwetu. Mimi mwili hauna neno, ila roho imenijaa hadi shingoni, na usipokuwa wewe sijui nitamwambia nani. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo nisamehe herufi zilizopinda. Siwezi kumwita karani wa sokoni nimsimulie habari za pua yangu. Zingefika Kazimia kabla wino haujakauka.

Unakumbuka mwanangu Saidi alipokuwa ananyonya, alivyoshika kipini changu akavuta mpaka tundu la pua likachanika. Nikabaki na pua iliyopasuka kama ukwato wa mbuzi. Nikizungumza na mtu, namwona macho yake yanashuka pale pale. Nikajizoeza kucheka nimeweka kiganja usoni, mpaka watoto wangu nao wakaanza kucheka hivyo, wakidhani ndiyo adabu.

Barua yangu iliyopita nilikuambia kwamba daktari wa Albertville amenishona. Yaya, natamani ungeiona pua ile nyuzi zilipotolewa! Mstari mwembamba, mwekundu kidogo, umenyooka. Daktari akanipa masharti: nisikwangue kigaga, kianguke chenyewe, jua lisinipige usoni, ngozi ikishafunga vizuri nipake mafuta ya mgando na kuikanda kwa kidole, polepole, asubuhi na jioni, halafu nivumilie, maana kovu la usoni halina haraka ya kufifia. Nikaitikia yote. Nikapanda mashua kurudi Baraka nimejifunika ushungi kama bibi harusi.

Sasa sikiliza. Mama mkwe wangu, mama yake Ramazani, wewe hujapata kumwona. Ni Mubembe wa Ubwari, ile rasi ya ng'ambo yetu, mama mpole, hajanitukana hata siku moja. Enzi zake ndiye aliyekuwa akiwachanja wasichana chale za urembo, na mpaka leo watu wanataja mikono yake. Kazi yenyewe ni hivi: anainua ngozi kwa mwiba, anakata kwa wembe, anapaka masizi na mafuta ya mbarika. Jeraha likitaka kufunga analifungua tena, anapaka tena, mpaka kovu linasimama juu ya ngozi. Kwake yeye kovu lililolala ni kazi mbovu.

Niliporudi nilishikwa na homa, naye akavuka kutoka Ubwari kuja kuniuguza. Nimelala pale, nasikia vidole vyake puani, kigaga kinatoka, kitu kinawasha, harufu ya mbarika imejaa chumbani. Wewe unajua adabu za ukweni. Mama mkwe akikushika uso, unamwuliza ana nini mkononi? Nilifumba macho nikasema asante. Kesho yake vilevile, na hivyo hivyo wiki baada ya wiki, maana homa ilikuwa ikienda na kurudi. Homa iliponiachia nikaomba kioo, nikapiga kelele mpaka jirani akaja mbio.

Limesimama, yaya. Nene kama punje ya haragwe, jeusi, linang'aa, na linawasha hata natamani kuikata pua yote niitupe. Halafu wanawake wa Ubwari wakija sokoni wanapita kuniangalia.

"Aa, mama, iko muzuri sana! Nani alikukata?"

Mama mkwe ananyoosha mgongo. "Ni mikono yangu hii."

Mimi nalia, wao wanadhani ni furaha.

Ramazani nilimwambia aseme na mama yake. Akajikuna kichwa. "Mi nitamuambia nini, sasa? Asubui mashua inaenda Kazimia." Mashua ya mwanamume huyu inaondoka kila neno gumu likifika mlangoni! Na majirani kila mmoja ana dawa yake. Mmoja akanishauri mafuta ya samaki. Nikapaka, paka wa mtaa mzima wakanifuata. Mwingine asali, nikaamka na sisimizi puani. Wa tatu akaja na mkojo wa mtoto mchanga, huyo nikamfungia mlango. Nimechoka na dawa, nimechoka na watu kunishika kidevu na kunigeuza uso kwenye mwanga kana kwamba mimi ni kitambaa dukani.

Mwisho nikapanda kamyo, lori la mizigo, hadi Fizi, kwenye dispanseri. Muuguzi wa pale alinigombeza mbele ya wagonjwa wote.

"We mama, munganga anashonaka, we unafumula? Nani alikuambia kufungula kidonda?"

Nikainamisha kichwa. Akatulia, akalibonyeza kovu kwa kidole gumba, akaniambia ukweli. Kukanda kutalilainisha kidogo tu, halitalala tena. Daktari wa Albertville anaweza kulikata upya, lakini nyama iliyokwisha kuinuka mara moja hupenda kuinuka tena. Nikikatwa, nikalitunza, huenda likatulia. Likiguswa tena kabla ya kupona, litarudi kubwa kuliko hili, na hakuna daktari atakayekubali kunikata mara ya tatu. Ndiyo bahati iliyonibakia, yaya, hiyo moja.

Basi ikanibidi niseme mwenyewe. Nilimkuta mama mkwe uani anachambua ndagala kwenye ungo.

"Mama," nikasema, "nitarudi Albertville wanikate tena. Nikirudi, nakuomba, pua yangu usiiguse."

Akaacha kuchambua. "Mi niliaribu?"

"Sikutaka lisimame, mama. Nilitaka lisionekane."

"Muzungu alikukata ku uso, akakuachia kamustari kadogo, sawa vile mutoto alicheza na wembe. Mi nikasema, bamemuzarau mutoto wangu. Njo nikakutengenezea."

Hapo hasira ikanipanda. Sikujali adabu wala ukwe. Nikamwambia, "Ni baya, mama! Kila nikitazama kioo naona aibu!"

Mama mkwe ana chale kwenye paji la uso, safu tatu za vinundu kutoka sikio hadi sikio, alizochanjwa akiwa msichana. Akaweka kidole hapo.

"Na hizi zangu? We unazionaka aibu?"

Yaya, ilitakiwa niseme hapana, mara moja. Jibu la kweli lilikuwa la kumuumiza, na la uongo halikutoka upesi. Akaningojea kidogo. Halafu akachukua ungo wake akaingia ndani.

Usinielewe vibaya, bado nimekasirika. Pua ni yangu, uso ni wangu, na mimi ndiye niliyevumilia sindano ya daktari. Kamyo na mashua nitapanda tena, nitakatwa tena, na safari hii kigaga kitaanguka chenyewe hata kama itanibidi nilale nimefungwa mikono. Mama yetu usimsomee barua hii. Mwambie tu nakohoa kidogo.

Nisalimie shemeji, mumeo, na umwambie shoka aliloniahidi kumletea Ramazani bado tunalingoja. Msalimie mjomba Kibwana aliyenifundisha kuandika, asicheke mwandiko. Msalimie shangazi Zena anayelea wanao, na binti yako Tabu, umwambie asikubali kumbeba mtoto wa mtu akiwa amevaa kipini.

Mama mkwe hajarudi Ubwari. Anapika, anafagia, ananisalimia vizuri kila asubuhi, uso wangu hausogelei. Ila tangu siku ile anafunga kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, hata jikoni kwenye moto, hata akiwa peke yake. Jana wenzake wa Ubwari walipita, wakashangaa, wakamwuliza kama kichwa kinamuuma. Mimi nilikuwa mlangoni. Akawaambia ndiyo, kinamuuma.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukukumbuka kila siku,

Mwamini