Binti Yangu Anazimia Kama Vitabuni

Mpendwa Dada Marlis, naomba msaada na tafadhali usinicheke, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita hapa Payakumbuh, ninaandika riwaya za wasichana kwa jina la Mama Kasturi na hakuna ajuaye ila mke wangu, na wasichana wangu wote ni wapole, hawajibu, wanafukuzwa nyumbani na baba mkali, wanazimia, ndipo wanapendwa. Sasa binti yangu Neli, miaka kumi na mitatu, amezisoma zote, ameacha silati, mchezo wetu wa kupigana, mezani hasemi, na wiki hii amezimia mara tatu, kila mara akiangukia godoro, nami mara zote nimekimbia kumbeba, mama mkwe anataka mganga na mjomba wa Neli ananilaumu mimi. Juzi mchapishaji kanitumia barua za wasomaji, moja ni ya Neli mwenyewe: “Mama Kasturi, nimezimia kama ulivyoandika. Baba alikuja, lakini akarudi chumbani kwake. Nizimie kwa muda gani ndipo abaki?” Dada, nimjibu kama Mama Kasturi, au nijitaje kitumbua changu kiingie mchanga?

Mwenye Kalamu Mbili

Pole, kaka. Nimecheka, unisamehe, ni hilo godoro.

Lakini hebu niambie, unaishi nyumba ya nani? Kwetu nyumba hurithiwa na wanawake: leo ya mama mkwe, kesho ya mke wako, keshokutwa ya Neli. Humo hata kiti huhamishi bila kuuliza, na mtoto akikosea anayemkemea ni mjomba wake. Msichana gani wa kwetu umemwona akifukuzwa na baba? Wa kufungashiwa virago hapo ni wewe. Umejitungia ubaba usio nao, halafu mtoto wa watu wenye nyumba yao anajifunza kuwa mnyonge.

Mganga asiitwe. Mwambie mama mkwe ukweli, kwamba Mama Kasturi ni wewe, hata akununie mwezi mzima. Jumamosi mpeleke Neli silati mwenyewe, na usiondoke mpaka wamalize. Kitabu kijacho akisome yeye kwanza, na akikuambia msichana huyu bwege, futa bila kubishana.

Na barua ile usiijibu kwa posta. Mtoto anamtaka baba yake, naye yuko chumba cha pili. Weka kalamu chini, nenda ukakae naye sasa hivi, angali amesimama.