Wino Bila Sindano

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Kilibula. Keza, mtoto wa dada yangu, miaka kumi na minne, amerudi toka shule na kidole cheusi. Leo darasa lao lilikuwa linachanjwa, dozi ya nyongeza ya dondakoo na pepopunda. Nikamwuliza kama mkono unauma.
"Tantine, minye hawakunidunga. Walinipaka tu wino."
Chanjo ilikuwa bado njiani. Wakapaka vidole alama ya kuchanjwa kwanza — kuokoa muda! Dozi zilipofika ziliishia safu ya tatu. Yeye anakaa ya tano. Wamekosa thelathini na mmoja. Nimewahesabu naye, jina kwa jina.

Jumanne, 5 Novemba
Ofisi ya kampeni ya chanjo. Bwana Anastase, msimamizi, amenisomea ripoti: shule ile, asilimia mia. Nikampa majina ya wale thelathini na mmoja. Akasema wino haudanganyi. Mtu mzima, ana diploma ukutani.
Nesi Olga kanifuata nje. Aliambiwa apake, akapaka. Dozi nyingine zimeshafika, ziko kwenye friji. Lakini mwenye kidole cheusi hachanjwi tena.

Jumatano, 6 Novemba
Uwimana, wa dawati moja na Keza, amelazwa. Dondakoo.
Frédéric, mkurugenzi wetu wa redio, hataki habari itoke. Ati watu watakimbia chanjo. Watakimbia kweli — siku wakijua tuliwaficha. Nimemwambia hivyo, kwa sauti ambayo si yangu.

Alhamisi, 7 Novemba
Wasichana tisa kwenye robine, bomba la maji la shule, wanasugua vidole kwa mchanga na maji ya javel, ile dawa ya kutoa madoa. Wavulana wanawacheka: "Mulishapiga kura, murudi kwenu!" Keza amechubuka hadi damu. Weusi umebaki kwenye ukucha.
Miaka ishirini na miwili naandika juu ya watu wanaokimbia sindano. Hawa wanajichuna ngozi waipate.

Ijumaa, 8 Novemba, saa nne asubuhi
Naandika nikiwa uwanjani mwa shule. Timu imekuja kuchanja madarasa mengine, inaondoka saa sita. Keza amejipanga katikati ya wanafunzi wakubwa. Anastase mwenyewe yuko mlangoni, anakagua vidole. Olga yuko mezani nyuma yake.
Msichana mmoja karudishwa. "Weye tayari." Hajabisha, analia tu.
Frédéric anapiga simu. Sipokei.
Mbele ya Keza wawili. Mmoja.
Anastase ameshika mkono wake, anaugeuza kwenye jua. Nyuma yake Olga hangoji jibu lake, anavuta dozi ya Keza kwenye sindano —